Patrick White au Christina Stead: uanze na nani?

Wote ni waandishi wa riwaya wa Australia, ila njia zao zilipishana. White alizaliwa London mwaka 1912, akakulia Australia, akarejea kuishi huko baada ya Vita Kuu ya Pili na kutwaa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1973. Stead, mzaliwa wa Sydney (1902), aliondoka 1928 akaishi ughaibuni miongo mingi. Riwaya yake The Man Who Loved Children (1940), kuhusu baba mwenye maneno matamu anayeitesa familia yake, ilipuuzwa hadi ilipochapishwa upya 1965. Voss ya White (1957) ni safari ya jangwani. Nzuri, lakini nzito. Mimi ningeanza na Stead. Hata tuzo aliyoianzisha White kwa fedha za Nobel, wa kwanza kuipata, 1974, alikuwa Stead huyohuyo.