Lipu na rangi ya chokaa Kigoma: inafaa ukuta gani, na huharibika kwa nini

Kwa nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, chokaa ni lipu bora kuliko saruji. Makosa tunayoyaona Kigoma ni yale yale: ukuta laini unavalishwa lipu ngumu ya saruji, juu yake rangi ya plastiki, na masika ikipita lipu inavimba na kudondoka mapandemapande, huku imebeba unga wa tofali mgongoni.

Tofali la kuchoma hunywa maji, ya msingini na ya mvua inayopiga ubavuni, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Saruji na rangi ya plastiki huyafungia ndani. Chokaa ina vinyweleo vingi, hivyo unyevu hupita na kukaukia nje. Ikiwa bado mpya ni kali mno kwa ukungu mweusi wa kwenye kona za vyumba. Haina pia ile harufu ya rangi ya mafuta inayowakimbiza watu chumbani.

Wakati wa kununua, ulizia chokaa ya ujenzi. Chokaa ya kilimo ni mawe yaliyosagwa tu: hutibu udongo wenye tindikali, lakini ukutani haigandi kamwe. Kipimo chake ni ndimu. Weka unga kijiko kimoja kwenye kisosi na ukamulie. Ukitoa povu jingi, ama ni ya kilimo, ama ni ya ujenzi iliyokwisha nguvu kwa kukaa kwenye hewa. Chokaa nzuri hutoa povu kidogo sana. Mifuko hufika Kigoma baada ya safari ndefu, kwa hiyo uliotoboka au wenye mabonge magumu uache dukani.

Unga usichanganywe na mchanga siku hiyo hiyo. Loweka kwenye pipa la plastiki, ukimimina chokaa ndani ya maji, mpaka upate uji mzito, kisha acha maji kidogo yaufunike juu. Saa 24 ndicho kiwango cha chini. Wiki mbili ni bora zaidi, kwa sababu uji hulainika na kushika vizuri. Vaa glavu na miwani. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi bila kukoma, kisha nenda hospitali.

Mchanga uwe wa mtoni, mkali, wenye chembe kubwa na ndogo. Ule laini wa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hupasua lipu. Changanya ndoo moja ya uji kwa ndoo tatu za mchanga. Ukuta wa mita za mraba 10 kwa unene wa milimita 20 hula takriban mifuko miwili ya kilo 25 na ndoo kumi za mchanga za lita 20. Fundi akikuambia aongeze saruji kidogo ili ikauke haraka, kataa: unachopata ni lipu isiyo na ugumu wa saruji wala upumuaji wa chokaa.

Lowesha ukuta kwanza. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la lipu, uwe milimita 10, uukwaruze mistari ungali mbichi, na usiuongezee mwingine mpaka ukaze kiasi cha ukucha kutoacha alama kirahisi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Chokaa haigandi kwa kukauka. Hugandishwa na hewa ya ukaa (kabonidioksaidi) iliyomo angani, lipu ikiwa bado na unyevunyevu. Jua likiwahi kuikausha, inabaki unga. Ukuta unaotazama ziwa hupigwa na jua alasiri nzima, kwa hiyo tundika magunia yaliyolowa na nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Anza Juni, ili lipu iwe imekomaa mvua zinaporudi.

Ukigonga na kusikia mlio wa ngoma, mkono wa juu haukushika: ukuta ulikuwa mkavu au una vumbi. Nyufa nyembamba kama utando maana yake chokaa ilizidi, au mkono ulikuwa mnene.

Rangi hutoka kwenye uji ule ule. Ongeza maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, chuja kwa kitambaa, lowesha ukuta, paka. Mkono wa kwanza utaonekana kama maji matupu; weupe huja ikikauka. Mikono minne au mitano myembamba, kila mmoja baada ya siku moja. Ukiipaka nzito ili umalize haraka, itachafua kila nguo inayoegemea ukuta. Ukitaka rangi, tumia unga wa rangi uitwao oksaidi, mwekundu au wa njano, isizidi asilimia 10 ya uzito wa chokaa. Wengi hutia chumvi ili ishike. Tunashauri isitiwe, kwa kuwa huvuta unyevu na kuacha madoa meupe. Chumvi ya Uvinza ibaki jikoni.

Chokaa haifai mahali panapomwagiwa maji bafuni. Sentimita 60 za chini upande wa nje, zinazorukiwa na matone ya mvua, zijengewe mawe. Na ukuta uliokwisha kupakwa rangi ya plastiki haunywi chokaa: kwangua yote mpaka tofali lionekane, au endelea na rangi ya plastiki.