Tiketi ya London kutoka KIA: njia ipi ununue

Ukinyoosha mstari kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hadi Heathrow, uwanja wa London, unapata kilomita 7,060 hivi. Ndege ya moja kwa moja hakuna, kwa hiyo unachouziwa ni mzunguko, na mizunguko haifanani. Wakala wa pale mjini, Arusha au Moshi, atakutajia bei kwanza. Wewe muulize: tangu ndege inaruka KIA hadi inatua London, jumla saa ngapi? Usikubali kutajiwa saa za angani peke yake.

Namba moja kwangu ni Addis Ababa. KIA hadi Addis ni kilomita 1,400, saa mbili na nusu hivi. Addis hadi London kilomita 5,900 na ushei, karibu saa nane. Ukilinganisha na ule mstari ulionyooka, umezidisha kilomita 250 tu, maana Addis iko njiani. Ukipata ya kusubiri saa mbili au tatu, chukua. Ya kusubiri saa tisa mwachie mwenye haraka ya kuokoa hela.

Amsterdam ni ya pili. KIA hadi huko ni kilomita 6,900, kisha 370 za kumalizia hadi London. Kwenye ramani haina mpinzani, ila angalia kama ndege inapitia Dar es Salaam kwanza. Ikipitia, unaanza safari ya Ulaya kwa kwenda kusini-mashariki kilomita 450, halafu mnangoja wenzenu wapande.

Istanbul ya tatu: saa saba, kisha nne. Doha inafuata. Kilomita 3,550 unaelekea kaskazini-mashariki, kando ya njia ya London, kisha 5,200 za kurudi kaskazini-magharibi. Ukilinganisha na Addis, unakaa angani saa mbili zaidi.

Ya mwisho ni Nairobi kwa barabara. Kutoka Nairobi kuna ndege ya moja kwa moja, saa tisa hivi, na bei huweza kushawishi. Lakini weka kilomita 270 kutoka Arusha, foleni ya mpakani Namanga, na foleni ya kuingia Nairobi yenyewe. Wa Moshi aongeze nyingine 80. Kijana mwenye begi moja mgongoni, sawa. Mama anayempelekea bintiye mchele na unga wa dona kwenye masanduku mawili, hapana.

Njia yoyote utakayochagua, iwe tiketi moja hadi London. Ukinunua mbili tofauti, mfano KIA–Amsterdam na Amsterdam–London, huenda ukalazimika kutoka nje kuchukua mizigo na kuikabidhi upya, na viza ya Uingereza haikuruhusu kuingia Uholanzi. Hapo nafuu ya bei imeishia uwanjani.

Kabla ya kulipa, soma saa kwa makini. Saa ya kufika ni ya London, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu majira yao ya baridi na mbili kiangazi. Ukitoa ya kuondoka kwenye ya kufika bila kuongeza hizo, safari itaonekana fupi kuliko ilivyo. Na tiketi ikiandikwa 00:40 tarehe 15, hiyo ni saa sita na dakika 40 usiku wa kuamkia tarehe 15. KIA unatakiwa uwepo tarehe 14, saa tatu na nusu usiku. Anayekwenda jioni ya tarehe 15 ameachwa tangu usiku uliopita.