Templeti ya dola 59 na ile ya bure: uzoefu wangu na tovuti ya gesti yetu Pangani

Naandika hii kwa wenye gesti, lodge na biashara ndogo ndogo wanaotaka tovuti, maana nimepita pande zote mbili na upande mmoja hela yangu imeenda hivi hivi. Mimi na dada yangu tuna gesti ya vyumba sita upande wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, wateja wetu wengi ni watu wa Tanga mjini na Dar wanaokuja wikiendi na familia zao. Tovuti tumeijenga kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na templeti ni ule muonekano uliopangwa tayari unaouvisha juu yake. Mwanzo nilinunua templeti ya mahoteli kwa dola 59, duka silitaji, nikakaa nayo miezi saba nikaiacha. Sasa hivi natumia Twenty Twenty-Four, ile ya bure iliyokuja na WordPress 6.4 Novemba 2023.

Ile ya kununua kwenye demo, yaani tovuti ya mfano ya muuzaji, ilikuwa inavutia mno. Picha kubwa tano zinapishana zenyewe, bwawa la kuogelea, vitanda vyeupe, maandishi membamba ya kijivu, kitufe kimeandikwa Book Now. Nililipia usiku ule ule. Nilipoanza kuweka vitu vyetu ndo shughuli ikaanza. Picha zetu tunapiga kwa simu, nyingi zimesimama wima, na templeti inataka picha zilizolala, kwa hiyo ikawa inakata tu inavyojua, chumba namba 3 kinaonekana neti na ukuta, picha ya dada na sinia la samaki kichwa hakipo. Menyu ya demo ilikuwa na maneno mafupi, Home, Rooms, Gallery, Contact. Sisi tukaandika Mwanzo, Vyumba na bei, Picha, Jinsi ya kufika, Wasiliana nasi, ikashuka mstari wa pili ikafunika jina la gesti. Book Now tukaigeuza "Weka nafasi sasa", herufi zikatoka nje ya kitufe.

Aliyechora ile templeti kila kisanduku alikipima kwa maneno yake na picha zake basi. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na templeti nzuri kitufe kinatanuka chenyewe kufuata neno, menyu ikijaa inajikunja, picha ikija wima inapewa nafasi yake. Hata ile alama ya ng' ilitusumbua, fonti ya vichwa vya habari ilikuwa ya mapambo na haikuwa nayo, kwa hiyo neno ng'ambo likawa linaonekana kama limeshonwa kiraka katikati, alama imetoka kwenye fonti nyingine kabisa. Na neno lenyewe liko kwenye sentensi ya kwanza ya tovuti yetu!

Kilichoniuma zaidi ni siku mama mmoja wa Dar aliponipigia akiwa kivukoni, saa saba mchana, na watoto wawili. "Dada samahani, hii tovuti yenu namba ya simu iko wapi? Jua kali, sioni kitu." Namba yangu alipewa na bodaboda aliyekuwa anasubiri kivuko. Namba ilikuwepo, iko chini kabisa ya ukurasa, kijivu hafifu juu ya nyeupe. Nilipoenda kupima ile rangi, namba yake ya kompyuta ni #999999, uwiano wa mwanga wake na nyeupe ni 2.85 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unataka maandishi ya kawaida yasipungue 4.5 kwa 1. Ndani ya nyumba kwenye laptop yangu nilikuwa nayasoma vizuri tu, ndo maana sikuwahi kuona shida. Mteja wetu yeye anaifungulia juani, mkono mmoja kashika mtoto, kwa hiyo namba ya simu inatakiwa iwe juu, nyeusi, na ukiigusa ipige.

Uzito nao. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa MB 11, karibu zote ni zile picha tano zinazopishana ambazo sidhani kuna mtu alikaa akaangalia ya nne. Hebu fikiria mtu ana bando la mia tano. Google wanashauri kile kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, sisi kwa simu ya dada ilikuwa inafika sekunde 14, anaangalia nyeupe tupu. Nikatoa hizo picha za kupishana nikabakiza picha moja ya baraza linaloangalia mto, nikaibadilisha kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, sasa ukurasa mzima haufiki MB 1.

Kubadilisha rangi ya kijani tu ilinibidi nipite sehemu kumi na mbili, na bado kuna vitufe viwili viligoma. Templeti ilidai plugini tisa, yaani programu ndogo za kuongezea, WordPress ilipofanya apdeti fomu ya kuweka nafasi ikafa, nikaenda kuangalia, mwenye templeti mara ya mwisho kuigusa ni miaka miwili nyuma. Hiyo tarehe iko wazi kwenye ukurasa wa kuuzia, mimi sikuiangalia, nyie iangalieni. Halafu nilipoizima maandishi yangu yote yakabaki yamejaa mabano ya mraba na namba namba, nilikaa siku tatu nayasafisha kwa mkono. Templeti kushikilia maneno ya mtu namna hiyo kwangu ni kosa kubwa kuliko hata uzito, maneno ni yangu, muonekano ndo wa kwao.

Hii ya sasa ukiifungua haikushtui, ni nyeupe, imetulia, nafasi za kutosha. Ila rangi naibadilisha sehemu moja kwenye mitindo na kila kitu kinafuata, vitufe, viungo, vichwa vya habari, vyote. Nimechagua fonti ya simu yenyewe ili isipakue kitu cha ziada. Vipande vilivyopangwa tayari viko vingi, nimechukua kimoja cha safu mbili nikaweka vyumba na bei, kwenye simu safu zinashuka moja chini ya nyingine bila mimi kugusa kitu. Ilinichukua kama wiki mbili za jioni kuzoea kihariri chake cha vipande, hilo nalisema ili mtu asidhani ni kubofya mara moja tu.

Kabla sijaitangaza niliijaza kwanza maneno marefu kuliko yote tuliyonayo na picha mbaya kuliko zote, nikavuka na kivuko mchana nikaifungua katikati ya mto kwa simu ya dada. Ikasomeka.

Siku hizi wanaopiga simu hawaulizi tena bei. Wanauliza kama gari dogo linapanda kivukoni na mwisho wa kuvuka ni saa ngapi, na hilo nalo jana nimeliandika pale kwenye Jinsi ya kufika, mstari wa kwanza.