Petreli wa Wilson au petreli tumbo-jeusi?

Petreli hawa wadogo wa dhoruba ni ndege wa baharini; huzaliana kusini kabisa mwa dunia, kisha huja Bahari ya Hindi. Wote ni weusi wenye kiuno cheupe, kwa hiyo mgongo hausaidii sana. Subiri ndege ageuke, umwone kwa chini.

Petreli wa Wilson (Oceanites oceanicus) ni mweusi tumboni na chini ya mabawa. Weupe wa kiunoni humzunguka hadi ubavuni, na miguu hupita ncha ya mkia. Akila, huinua mabawa na kudundadunda juu ya maji. Akiwa karibu sana utaona utando wa manjano kati ya vidole.

Tumbo-jeusi (Fregetta tropica) ni mkubwa kidogo. Ana weupe chini ya mabawa na ubavuni, na mstari mweusi katikati ya tumbo. Hapo ndipo wengi hukosea: mstari huo huweza kuwa mwembamba au kukatika, ukamdhania petreli tumbo-jeupe, ambaye ni spishi nyingine. Usiamue kwa kumtupia jicho mara moja. Piga picha mfululizo kwa spidi ya shata ya sekunde 1/2000 au kasi zaidi, uzikague moja moja. Mwendo wake pia humtaja: huyumba kushoto na kulia, akigusa maji kwa kifua.