Uzamili wa haki jinai: ule mshahara ulikuwa wa nani?

Nimeanza kuandika haya mara tatu nikaacha, maana hasira haijashuka. Nilisoma uzamili wa haki jinai katika chuo kimoja cha Marekani, masomo yote mtandaoni. Kilichonivuta ni namba moja kwenye tangazo lao, mshahara wa wahitimu. Sitaitaja hapa. Si yangu, haijawahi kuwa yangu.

Muhula wa pili hivi, somo la takwimu, mwalimu akatupa zoezi: chukua namba unayoiamini, uliza imehesabu watu gani. Nikachukua ileile. Ilitoka College Scorecard, tovuti ya takwimu za vyuo ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Kumbe wanahesabiwa waliopata mkopo au ruzuku ya serikali kuu na wenye kipato. Aliyejilipia mwenyewe hayumo. Asiye na kazi hayumo. Na hakuna panapoonyesha ulikuwa unalipwa ngapi kabla ya kusoma!

Nikawatazama wenzangu. Sajenti wa miaka mingi, msimamizi wa gereza, polisi, polisi tena. Mshahara wa polisi hufuata cheo na miaka kazini. Shahada ikiongeza kitu, mara nyingi ni posho ndogo ya elimu. Yule sajenti angelipwa vilevile hata kama angekaa nyumbani kucheza karata. Mimi niliyetoka nje ya fani nilikuwa nikisoma mshahara wake nikidhani ni wangu. Baadaye nikaomba kazi ya ofisa probesheni, na sharti la elimu lilikuwa shahada ya kwanza tu.

Nikampigia ofisa udahili, yuleyule aliyekuwa akinitafuta kila jioni kabla sijalipa. Nikauliza kwa adabu kabisa: kati ya hao wahitimu, wangapi walikuwa tayari kazini? Kimya. Kisha: "Unasoma, au unatafuta ugomvi?" Akakata simu. Nilipiga tena, haikupokelewa. Dakika chache baadaye ikaingia fomu kuniuliza nimeridhika kiasi gani na huduma.

Msiende. Basi.

Ingawa, nikitulia, si bure kabisa. Anayewania ajira ya serikali kuu kule, kwa kazi nyingi uzamili unamruhusu kuanzia ngazi ya mshahara ya GS-9 (GS ni ngazi za mishahara za serikali hiyo, namba ikipanda na mshahara unapanda), wakati shahada ya kwanza ni GS-5, au GS-7 kwa aliyefaulu vizuri sana. Hiyo ni tofauti ya fedha kweli, ukiipata nafasi yenyewe. Na huyo mwalimu wa takwimu, kusema haki, ndiye aliyenifungua macho, tena kwa ada niliyowalipa haohao.

Kwa hiyo nyota moja. Haya, mbili, ya pili ni ya mwalimu. Halafu nikikumbuka ile simu narudi kwenye moja. Fomu yao bado sijaijaza.