Ziara ya kahawa Materuni: inafaa darasa la insha?

Ziara za kahawa za Materuni, kijiji cha Uru juu ya mji wa Moshi, hulengwa zaidi kwa watalii. Kwa mwalimu wa insha za kubuni, hata hivyo, zina faida kuliko maporomoko ya maji yanayotembelewa siku hiyohiyo. Maporomoko ni ya kutazama na kupiga picha. Kahawa inanuswa, inashikwa, inalia na inaonjwa.

Utajiri wote uko kwenye kukaanga. Punje zilizotwangwa kinuni na kupepetwa kwa ungo huingia chunguni zikiwa za kijani kilichopauka, zikinukia nyasi. Zikigeuka manjano, zinanukia mkate. Zikiwa kahawia zinaanza kulia pa, pa, kwa kuwa mvuke na gesi vilivyobanwa ndani vinazipasua. Kuanzia hapo moshi unakuwa mzito na harufu inaelekea kuungua. Mwanafunzi aliyeandika maneno matatu kwa kila hatua haleti tena ile "harufu nzuri sana" inayomchosha msahihishaji.

Kwenye kuonja, wengi huita kila kitu "kali". Wabanwe hapo. Kahawa iliyokaangwa kidogo hubaki na uchachu, iliyokaangwa sana hutawaliwa na uchungu, na hizo ni ladha mbili. Wainywe kwanza bila sukari.

Kasoro kubwa ni kasi na kelele. Nyimbo na makofi wakati wa kutwanga vinachangamsha kweli, lakini vinafunika mlio wa mchi. Ombeni mizunguko miwili, mmoja wa wimbo na mmoja wa kimya. Wanafunzi 10 kwa kinu wanatosha. Wakizidi, wa nyuma wanaona migongo tu. Wasimame upande upepo unakotoka, la sivyo moshi wa kuni utaua harufu nyingine zote. Wakati wa masika njia za kijijini huteleza, kwa hiyo viatu viwe vya kukamata.

Kosa linalofuata hutokea darasani: kila aya inabeba hisi zote tano, "nikaona, nikasikia, nikanusa", mpaka insha inakuwa orodha ya sokoni. Hisi mbili kwa aya zinatosha, na kitenzi cha hisi kiondolewe kila kinapoweza kuondoka. "Nilisikia punje zikipasuka" ni taarifa. "Punje zikalia pa, pa, mama akavuta kuni moja nje" ni tukio, na tanakali ya sauti imepata kazi ya kufanya.

Kubalianeni bei ya kundi la wanafunzi kabla ya kupanda gari. Mkiondoka, nunueni nusu kilo ya kahawa mbichi. Gramu 100 kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, zikigeuzwa bila kupumzika, zinawatosha waliokosa safari.