Fastfetch: Amri Moja Kabla Hujatoa Pesa ya Laptopu

Assalamu alaikum, karibuni tena kibarazani hapa Langoni, Lamu. Mkisikia punda analia katikati ya maneno yangu, nistahimilieni. Nimerekodi mara tatu leo, na kila nikifungua mdomo naye anafungua wake.

Leo nina kijiprogramu cha terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kinaitwa Fastfetch. Chenyewe hakina dirisha lake wala vitufe. Unaandika jina lake kwa herufi ndogo, unagonga Enter... haya, tazameni. Kushoto nembo ya Debian, mfumo wa Linux ninaoutumia, imechorwa kwa herufi tupu. Kulia mfumo, toleo la kerneli, muda tangu mashine iwashwe, prosesa, ramu, diski, betri. Kwisha.

Wakongwe wa Linux mtaniuliza, mbona hii ni Neofetch? Ndiyo, inatembea nyayo zake. Neofetch aliiandika Dylan Araps kwa Bash, lugha ya amri za terminali. Toleo la mwisho lilitoka 2020, na Aprili 2024 mradi ukafungwa. Mwenyewe aliacha ujumbe kwamba ameingia kwenye kilimo. Simlaumu hata kidogo, shamba haliletewi malalamiko usiku wa manane. Fastfetch imeandikwa kwa lugha ya C, na wepesi wake unauona. Kwenye hii laptopu yangu kuukuu, Neofetch ilikuwa inaniachia nafasi ya kupiga funda la kahawa. Hii hainiachii.

Sasa, kwa nini nawaletea? Si kwa ajili ya urembo. Juzi kijana mmoja alinijia na laptopu aliyonunuliwa na ami yake Mombasa, ya mtumba. Imekuja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, imefika salama. Ameambiwa ramu ni GB 8, prosesa "koo nne", yaani viini vinne vya kufanyia kazi. Tukaitia Fastfetch. Prosesa: i5-6300U, na mbele yake mabano yenye 4. Kijana akafurahi, "Si hizo nne!" Hapana, mwanangu. Ile namba ya kwenye mabano ni nyuzi za kazi, yaani foleni za kazi ambazo koo zinazishika kwa pamoja. Koo zenyewe za i5-6300U ni mbili, na ni prosesa ya 2015. Hapo muuzaji pengine naye alidanganyika na mabano yale yale. Lakini ramu ilisoma 3.7. Hiyo haina pa kujificha, ni laptopu ya GB 4.

Nanyi msikimbilie ugomvi kila mkiona namba imepungua. Mashine ya 8 ya haki mara nyingi itasoma 7 na ushei, kwa sababu kuna sehemu inayotengwa kwa kadi ya picha na kwa mfumo wenyewe. Diski ya GB 256 nayo ikiwa nzima haizidi 238, kwa kuwa kiwanda kinahesabu kwa elfu na Fastfetch inahesabu kwa 1024. Hapo hujaibiwa.

Kasoro yake kubwa kwangu ni betri. Angalieni hapa, yangu inasema 96%. Ukiisikia hivyo utadhani betri mpya, na wallahi hii haifiki saa moja. Ile asilimia ni chaji iliyomo sasa hivi, haikwambii betri imechakaa kiasi gani. Kwa hilo naandika `upower -d`, natafuta mistari miwili, `energy-full` na `energy-full-design`. Wa kwanza ni uwezo wa leo, wa pili ni uwezo ilipozaliwa. Wangu wa kwanza ni nusu ya wa pili. Basi.

Jambo jingine, Fastfetch inaonyesha jina la mashine na anwani ya IP ya ndani bila kuulizwa. Anwani hiyo haina hatari kubwa, lakini wengine mmeipa kompyuta jina lenu kamili na la baba, kisha picha mnaiweka kwenye magrupu. Andikeni `fastfetch --gen-config`, mfungue faili la `config.jsonc` ndani ya `.config/fastfetch`, mfute msitari wa `title` wenye jina, wa `localip` na wowote msioutaka. Nembo ikiwakera, ongezeni `--logo none`.

Kusakinisha, kwenye Debian 13 ni `sudo apt install fastfetch`. Msio na laptopu, Termux, programu ya terminali kwenye simu ya Android, inatosha, `pkg install fastfetch`. Ila simu nyingine hazisemi kila kitu, msishangae mistari ikiwa michache. Windows pia inakubali.

Yule kijana? Tulipiga picha ile skrini, ami akaipeleka kwa muuzaji. Kwanza aliambiwa programu za bure haziaminiki. Ami akamwambia, basi ifungue mfuniko tuhesabu kwa macho. Laptopu imevuka tena kwa boti jana asubuhi, na kipande cha pili cha ramu ndani.